Herufi A ishirini na sita: historia ya kipimo cha MSI

Siku nyingi sijaandika kitu kirefu hapa, kazi zilinizidi. Leo tuweke kando mambo ya simu na tovuti, tuongee kuhusu saratani. Usikimbie! Ukifika chini utaona kwamba hii ni hadithi ya tarakilishi pia, na ndani yake kuna kosa ambalo mimi mwenyewe nimewahi kulifanya.

Nianze na kosa lenyewe. Mwaka wa 2018, nikiwa bado mwanafunzi, nilifanya mazoezi ya kazi katika kampuni moja hapa Nairobi. Nikapewa fomu ya kusajili wateja niitengeneze. Nikaweka sharti kwamba nambari ya simu lazima ianze na 07. Kwani Mkenya gani simu yake haianzi na 07? Nikaijaribu kwa nambari yangu, za wenzangu kazini, za shangazi zangu wote. Zote zikapita.

Mwaka uliofuata nambari za 01 zikaanza kutolewa. Watu wakawa wanaandika nambari zao halali na fomu yangu inawajibu, "Nambari si sahihi." Hakuna kilichoharibika upande wao. Kilichokuwa na kasoro ni kipimo changu, kwa sababu nilikijaribu kwa watu niliowajua tu.

Shikilia hapo. Tutarudi.

DNA NI MAANDISHI

Jenomu ya binadamu ni maandishi ya herufi zipatazo bilioni 3, na alfabeti yake ina herufi 4 tu: A, C, G na T. Kila seli inapogawanyika, maandishi yote hunakiliwa. Mnakili ni kimeng'enya kiitwacho polimerasi, na ni hodari sana. Lakini kuna mahali panapomsumbua, nako ni pale herufi zinapojirudia.

Jaribu wewe mwenyewe kunakili kwa kalamu 1000000000000000000000000 bila kuweka kidole. Utaruka sufuri moja au utaongeza moja. Polimerasi nayo huteleza vivyo hivyo ikikutana na AAAAAAAAAAAA au CACACACACA.

Sehemu hizo za kujirudia ndizo zinazoitwa mikrosatelaiti. Hazihusiani na satelaiti za angani. Zamani wanasayansi walipozungusha DNA kwa kasi kwenye mashine, baadhi ya DNA ya kujirudia ilijitenga ikakaa kama utepe mdogo kando ya utepe mkubwa, mfano wa mwezi kando ya sayari. Jina likabaki.

Kwa bahati nzuri mwili una kikosi cha wasahihishaji. Protini iitwayo MSH2, ikishirikiana na MSH6 au MSH3, hupita juu ya nakala mpya na kushika mahali ambapo nyuzi mbili za DNA hazikulingana. Kisha MLH1 na PMS2 huja, kipande chenye kosa kinakatwa, kinaandikwa upya. Kikosi hiki kikiharibika, makosa hayasahihishwi, na hujaa zaidi kwenye zile sehemu za kujirudia. Hali hiyo ndiyo kuyumba kwa mikrosatelaiti, kwa kifupi MSI.

Kuipima si jambo gumu kulielewa. Chukua DNA ya uvimbe. Chukua DNA ya sehemu nzima ya mwili wa mtu huyo huyo, kwa mfano damu yake. Pima urefu wa mikrosatelaiti kadhaa pande zote mbili, ulinganishe. Sisi waandishi wa programu tunafanya jambo hili kila siku: faili ya jana, faili ya leo, onyesha kilichobadilika.

Yaweke akilini maneno "mtu huyo huyo". Historia yote ya kipimo hiki inazunguka hapo.

MSHONAJI WA ANN ARBOR

Mwaka wa 1895, huko Ann Arbor, Michigan, mwanapatholojia Aldred Warthin alikuwa na mshonaji wake wa nguo. Mama huyo alimwambia kwamba anajua atakufa mapema kwa saratani ya utumbo, ya tumbo au ya uzazi, kwa maana ndivyo walivyokufa watu wengi wa ukoo wao. Na kweli, alikufa kwa saratani ya mji wa mimba akiwa bado kijana.

Warthin hakulipuuza neno lake. Aliufuatilia ukoo ule miaka mingi, akachapisha habari zake mwaka wa 1913 chini ya jina "Familia G".

Nusu karne baadaye, huko Nebraska, daktari kijana Henry Lynch alikutana na mgonjwa mlevi aliyemweleza kwamba anakunywa kwa sababu anajua saratani ya utumbo itamuua kama ilivyowaua ndugu zake. Lynch naye akaanza kuchora miti ya koo. Alichapisha habari za familia mbili kubwa mwaka wa 1966. Wakati ule wengi hawakuamini kwamba saratani ya utumbo inaweza kurithiwa hivyo, na kwa miaka mingi alikuwa kama mtu anayeongea peke yake. Leo ugonjwa huo wa kurithi unaitwa sindromu ya Lynch.

Angalia basi: mshonaji na mlevi walijua kabla ya madaktari. Walichokosa ni mashine ya kuonyesha.

MWAKA WA 1993

Kuna miaka ambayo mambo yote hufika kituoni kwa matatu moja. Kwa kipimo hiki ni 1993.

Makundi matatu yaliona kitu kile kile bila kutumana. Kundi la Manuel Perucho huko California. Kundi la Stephen Thibodeau katika Mayo Clinic, Minnesota. Na kundi la Albert de la Chapelle wa Helsinki pamoja na Bert Vogelstein wa Johns Hopkins, Baltimore.

Thibodeau na kundi la Helsinki na Baltimore walikuwa wakitafuta kitu kingine. Walitarajia kwamba katika uvimbe kipande fulani cha kromosomu kitakuwa kimepotea, yaani mstari mmoja kwenye picha utakosekana. Badala yake wakaona mistari ya ziada! Urefu mpya ambao haukuwepo kwenye DNA ya kawaida ya mgonjwa. Mtu mwingine angesema sampuli imechafuka akaitupa. Wao wakauliza ni kwa nini.

Thibodeau alichunguza uvimbe 90 wa utumbo mpana, akaikuta hali hiyo kwenye 25. Akaona pia kwamba wagonjwa hao waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao.

Jibu la "kwa nini" lilitoka mahali usipopatarajia: kwenye hamira. Watu waliokuwa wakichunguza hamira na bakteria walishajua kwamba ukiviharibu vijeni vya usahihishaji, DNA ya kujirudia huanza kuyumba. Mnamo Septemba 1993 kundi la Thomas Petes na Michael Liskay lilionyesha kwamba kwenye hamira kuyumba huko huongezeka mara 100 hadi 700. Wakasema wazi: huenda hizo saratani za utumbo nazo zina hitilafu kwenye kikosi hicho hicho.

Kufikia Desemba ya mwaka huo, makundi mawili, la Richard Fishel na Richard Kolodner na lile la Vogelstein, yalikuwa yameitaja jeni ya binadamu: MSH2. MLH1 ikafuata mwaka wa 1994. Na mwaka wa 2000 kosa la Familia G likapatikana, nalo limo ndani ya MSH2. Yule mshonaji alijibiwa baada ya miaka 105.

Kwa hivyo siku ukisikia mtu anauliza faida ya kuchunguza hamira ni nini, mpe hadithi hii.

KUTOKA MACHO HADI LEZA

Sasa tuje kwenye mashine, maana hapa ndipo nyumbani kwetu.

Mwanzoni kazi ilikuwa ya mikono. DNA ilizidishwa kwa mbinu ya PCR, ikatiwa alama ya mnururisho, ikasukumwa kwa umeme ndani ya jeli ili vipande vifupi vitangulie na virefu vibaki nyuma. Kisha jeli ilibanwa kwenye filamu ya eksirei. Baada ya hapo mtu aliishika filamu mbele ya taa na kukodoa macho: je, mstari huu umesogea au haukusogea?

Mashine za kusoma DNA za miaka ya 1990 zilibadilisha hayo. Badala ya mnururisho, vipande vilitiwa rangi zinazong'aa. Vilipita ndani ya kijibomba chembamba mno, leza ikavimulika, kamera ikahesabu. Matokeo yakawa grafu ya vilele, na grafu ni kitu ambacho programu inaweza kusoma.

Lakini kuna kichekesho hapa. PCR nayo hutumia polimerasi, na polimerasi huteleza kwenye herufi za kujirudia. Yaani chombo cha kutafuta kosa kinafanya kosa lile lile! Kwa hiyo hata DNA nzima kabisa haitoi kilele kimoja; hutoa kilima chenye vilele vidogo pembeni. Programu haiwezi kuuliza tu "je, urefu ni 26?" Lazima iuulize umbo la kilima kizima, na ilinganishe kilima na kilima.

Kila maabara ilikuwa na alama zake na sheria zake, vurugu tupu. Ndiyo maana mnamo Desemba 1997 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwakutanisha wataalamu huko Bethesda, Maryland, na mwaka wa 1998 mapatano yao yakachapishwa. Alama zikawa 5: BAT-25, BAT-26, D2S123, D5S346 na D17S250. Zikiyumba 2 au zaidi, saratani inahesabiwa kuwa na MSI ya juu. Ikiyumba 1, ya chini. Isipoyumba hata moja, ni tulivu. Kwa lugha yetu, ulimwengu ulipata kiwango kimoja, na kila mtu angeweza kuandika programu ya kukifuata.

26 SI 26 KWA KILA MTU

Iangalie hiyo BAT-26. Ni mfuatano wa herufi A zipatazo 26, na kwa namna ya ajabu inakaa ndani ya jeni ya MSH2 yenyewe, katika sehemu isiyotumika kutengeneza protini.

Watafiti waliona kwamba karibu kila mtu waliyempima alikuwa na urefu ule ule hapo. Mwaka wa 1997 kundi la Richard Hamelin huko Ufaransa lilitoa hoja yenye mantiki: ikiwa watu wote wana urefu mmoja, basi damu ya mgonjwa ya kulinganisha haihitajiki. Pima uvimbe peke yake. Ukiwa mfupi, umeyumba.

Fikiria urahisi wake. Sampuli moja badala ya mbili. Gharama nusu. Na vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta miaka mingi, vya wagonjwa ambao huwezi tena kuwatoa damu, sasa vinapimika. Hata mimi ningekubali.

Lakini "watu wote" walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa Wazungu.

Mwaka wa 1999 kundi la Ohio, akiwemo yule yule de la Chapelle, lilipima Wamarekani Weusi 103 wenye afya njema. Watu 13 walikuwa na urefu usio wa kawaida kwenye BAT-26, na 19 kwenye BAT-25. Hawa hawakuwa na saratani. Hawakuwa na kikosi kibovu cha kusahihisha. Walizaliwa hivyo, na ni wazima.

Umeiona? Nambari zao zinaanza na 01.

Sababu inajulikana. Binadamu wameishi Afrika muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na tofauti za DNA zilizolimbikizwa hapa ni nyingi kuliko za mabara mengine yote. Kitu kinachoonekana hakibadiliki Ulaya kinaweza kubadilika sana huku kwetu. Ukikijaribu kipimo Ulaya pekee hutaliona kosa hata ukikijaribu mara elfu.

Tusiwe waonevu lakini. Waliosahihisha jambo hili ni pamoja na wale wale walioleta njia ya mkato. Kundi la Hamelin lilibuni seti ya alama 5 zote za herufi moja inayojirudia, na mwaka wa 2006 likachapisha vipimo vya watu zaidi ya 1,200 kutoka jamii 55 za dunia. Tofauti za kuzaliwa zilikuwepo, tena zaidi kwa Waafrika, ila kuzikuta kwenye alama nyingi za mtu mmoja ni nadra. Basi sharti likawa alama 3 kati ya 5 ziwe zimeyumba. Huko ndiko kurekebisha kipimo: huwalaumu watumiaji, unapanua data na kubadilisha sharti.

KWA NINI KOSA DOGO LINAUMA

Pengine unasema, herufi moja au mbili, kuna nini?

Kati ya kila saratani 100 za utumbo mpana, karibu 15 zina MSI, na takriban 3 zinatokana na sindromu ya Lynch. Jibu la "ndiyo" kwa hiyo linaweza kufikia familia nzima: watoto, ndugu, wajukuu, wote wanaulizwa wapimwe. "Hapana" ya uongo inaiacha familia gizani, na "ndiyo" ya uongo inaitia hofu bure.

Halafu dawa. Mwaka wa 2015 Dung Le na wenzake wa Johns Hopkins walichapisha majaribio ya pembrolizumab, dawa inayofungua breki za kinga ya mwili. Kati ya wagonjwa wa saratani ya utumbo wenye kikosi kibovu cha kusahihisha, uvimbe ulipungua kwa 4 kati ya 10. Kwa wale wenye kikosi kizima, hakuna hata mmoja. Makosa mengi yanaifanya seli ya saratani ionekane ngeni, kinga ikiachiwa inaitambua.

Tarehe 23 Mei 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa hiyo kwa uvimbe wowote mgumu wenye MSI ya juu ambao umeenea na hauna tiba nyingine nzuri, uwe umeanzia utumboni, tumboni au kwenye mji wa mimba. Ilikuwa mara ya kwanza wao kuidhinisha dawa ya saratani kwa alama ya DNA badala ya kiungo. Na mwaka wa 2022 Andrea Cercek na wenzake wa Memorial Sloan Kettering, New York, waliripoti wagonjwa 12 wa saratani ya rektamu wenye hitilafu hii waliopewa dostarlimab. Kwa wote 12, uvimbe haukuonekana tena.

Kwa hiyo grafu ile ya vilele imekuwa mlango. Programu inaamua nani anaingia.

PROGRAMU ZAINGIA

Kuanzia mwaka wa 2014 kazi ilihamia kwenye mashine zinazosoma mamilioni ya vipande vya DNA kwa wakati mmoja. Programu ya MSIsensor ilitolewa mwaka huo, wazi kwa yeyote kuisoma. Inaorodhesha mikrosatelaiti maelfu, kwa kila moja inahesabu vipande kwa urefu wake kwenye uvimbe na kwenye tishu nzima, kisha inatumia mtihani wa kai-mraba kuuliza kama migawanyo miwili inatofautiana. Alama ya mwisho ni asilimia ya mahali palipoyumba.

Mwaka huo huo ikaja mSINGS, ambayo haihitaji tishu nzima ya mgonjwa. Inahesabu idadi ya vilele, na ikizidi wastani wa kundi la watu wa kawaida pamoja na mara 3 ya mchepuko sanifu, mahali hapo pameyumba. Baadaye kampuni ya Biocartis ya Ubelgiji ikaleta katriji ya Idylla: unaweka kipande cha tishu, unafunga, baada ya saa mbili na nusu hivi mashine inakupa jibu kwa alama 7, bila damu ya kulinganisha. Kwa hospitali isiyo na maabara kubwa huo ni msaada wa kweli.

Na mwaka wa 2019 Jakob Kather na wenzake walifundisha tarakilishi kubashiri MSI kwa kutazama picha ya darubini pekee, bila kugusa DNA. Kazi nzuri sana. Lakini mfumo wa saratani ya tumbo ulipopelekewa picha za wagonjwa wa Japani, usahihi wake ulishuka.

Unaona mtindo? Kila hatua inapunguza kazi, na mara nyingi njia yake ni kuiondoa "asili" ya mgonjwa na kuweka wastani wa watu wengine. Si dhambi. Wakati mwingine haiwezekani vinginevyo. Ila swali la 1999 linabaki pale pale: watu hao wengine ni akina nani?

Kwetu si swali la darasani. Mwaka wa 2021 watafiti wa Nigeria na wenzao wa New York walichapisha uchunguzi wa saratani za utumbo za Wanigeria, na zaidi ya robo zilikuwa na MSI ya juu, kiwango kikubwa kuliko cha Wamarekani waliolinganishwa nao. Yaani mahali ambapo alama za zamani zina hatari zaidi ya kukosea, huenda ndipo penye wagonjwa wengi zaidi wanaohitaji jibu sahihi. Heri moja ni kwamba data ya wazi ipo kidogo: mradi wa Jenomu 1000 una Waluhya wa Webuye ndani yake. Kijana yeyote mwenye intaneti anaweza kuipakua na kuangalia BAT-26 yao.

Mimi nilirekebisha fomu yangu kwa mstari mmoja, na waliokuwa wameumia ni wateja wachache walioshindwa kujisajili. Tangu siku hiyo, kila nikiandika sharti ndani ya programu naandika juu yake maelezo mafupi: sharti hili lilijaribiwa kwa nani. Ningependa kuona mstari kama huo umechapishwa kwenye kila mashine ya kupima MSI, karibu na kitufe cha kuiwasha. Na pale ambapo mgonjwa yupo na sindano ipo, mtoe damu kidogo, ulinganishe uvimbe wake na yeye mwenyewe.

Haya, tuonane makala ijayo. Nambari za 01 zinakaribishwa.